Naombeni ushauri: kazi ya kusimamia gari linalojiendesha, likigonga mtu nashtakiwa mimi?

Mgeni_Phoenix: Wakuu, niko Phoenix, Arizona, kwa kadi ya ukaazi. Kuna kampuni inataka nikae kwenye usukani wa gari la majaribio linalojiendesha, nishike pale tu mambo yanapoharibika. Mshahara unazidi wa ghalani ninapofanya sasa. Mke wangu hataki, anasema nitabebeshwa kesi ya kompyuta. Sijasaini. Mnashaurije?

Mzee_wa_Kanuni: Mkuu, msikilize shemeji. Hapo jirani yako Tempe, Machi 2018, gari la majaribio la Uber lilimgonga usiku mwanamke aliyekuwa anavuka akikokota baiskeli, akafariki. Wachunguzi walikuta mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla, ikawa haielewi ni nini: mara gari, mara baiskeli. Gari lenyewe lilikuwa Volvo, na breki zake za dharura za kiwandani zilikuwa zimezimwa. Kampuni ilikuwa imeshapunguza wasimamizi kutoka wawili hadi mmoja. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka akasema hakuna msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Akashtakiwa dada wa kwenye usukani. 2023 alikiri kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 ya uangalizi nje ya jela.

Binti_Kilwa: Tuseme yote. Uchunguzi ulikuta dada huyo alikuwa anatazama kipindi kwenye simu, na hicho ndicho kilichomponza. Kaka, simu isikae hata mfukoni.

Wakili_Mdogo: Kwa mwenye kadi ya ukaazi, kukiri kosa kunaweza kukufukuzisha nchini. Ndiyo maana tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, 2010, wakili wa jinai lazima akueleze hilo. Bima inalipa fidia, kifungo hailipi. Angalia kama kampuni itakulipia wakili wako mwenyewe, maana wakili wao atawatetea wao. Na gari likifunga breki hovyo, ripoti kwa maandishi zamu hiyohiyo.

Mdau_Leicester: Huku Uingereza sheria iliyopitishwa 2024 imeandikwa kumkinga aliye kwenye usukani gari linapojiendesha, wa kubanwa ni kampuni yenye kibali. Ila ni kwa magari yaliyoidhinishwa kujiendesha, ya majaribio hayamo.

Mgeni_Phoenix: Asanteni sana. Nimekipata kifungu: watalipa gharama za kesi "isipokuwa mwajiriwa akizembea".

Wakili_Mdogo: Hicho ndicho cha kubishania. Nani anaamua kwamba umezembea, wao au mahakama? Wakiandika mahakama, kwa hukumu ya mwisho, mpelekee wakili akague kisha usaini. Wakikataa, baki ghalani.