"Zimechakaa" ndilo neno la wanunuzi wa sarafu la kutuibia: mmoja kapiga tupa sarafu yangu ya fedha, halafu akaishusha bei eti imekatwa ukingoni

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitazunguka.

Babu alituachia sarafu 11 za fedha. Zimechakaa, hilo sibishi. Zilipita mikono mingi kabla ya kumfikia, na yeye mwenyewe alikuwa na mazoea ya kuzihesabu moja moja kwa vidole. Kuna reale mbili za Maria Theresa (malkia wa Austria), nusu krauni tano za Uingereza za enzi ya Mfalme George wa Tano, na dola nne za Marekani zile zinazoitwa Morgan. Nikazipeleka kwa mnunuzi anayejitangaza kwamba sarafu za kale ndiyo kazi yake. Jina lake simtaji.

Jamaa hakuzigeuza. Narudia: HAKUZIGEUZA. Alizimwaga zote kwenye mizani kama mtu anayepima misumari, mizani ikasoma gramu 229, akasema, "Zimechakaa hizi, tunapiga nusu." Yaani nusu ya uzito ndiyo fedha, nusu nyingine aihesabu kama takataka, mjadala umefungwa.

Nusu ya wapi? Reale ya Maria Theresa ni fedha asilimia 83.3. Dola ya Morgan ni asilimia 90. Hizo nusu krauni ndizo zinazotaka macho, kwa sababu Uingereza ilitumia fedha ya asilimia 92.5 hadi 1919, kisha kuanzia 1920 ikashusha hadi 50, na 1947 ikaiondoa kabisa kwenye sarafu za kawaida za matumizi. Nusu krauni ya 1918 na ya 1928 zote zilitoka kiwandani na gramu 14.14. Ukizishika mkononi hutaona tofauti. Lakini ya 1918 ina gramu 13.08 za fedha safi, ya 1928 ina gramu 7.07. Mwaka umeandikwa palepale kwenye sarafu! Zangu tatu ni za kabla ya 1920, mbili ni za baadaye. Hizo mbili tu ndizo alizozipatia hesabu sahihi, na alipatia kwa bahati.

Nilipiga hesabu upya nyumbani, nikatoa na kile kilicholika kwa kushikwashikwa. Fedha safi ni karibu gramu 192. Yeye alihesabu 114 na nusu. Zaidi ya gramu 75 zilikuwa zinaingia mfukoni mwake kwa neno moja, "zimechakaa".

Na hili neno ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana wanalitumia kama gunia, kila kitu kinatumbukizwa humo. Kuchakaa ni kitu kimoja, kuharibiwa ni kitu kingine. Sarafu iliyochakaa imelika polepole kwa kupita mikononi: kwanza sehemu zilizoinuka, kwenye Morgan ni nywele zilizo juu ya sikio na kifua cha tai, kisha maandishi, mwisho kabisa mduara wa ukingoni. Huko kulika kunapimika, watu wana daraja zake, kipimo cha 1 hadi 70 alichokianzisha William Sheldon mwaka 1949 kinatumika hadi leo. Sarafu ya daraja la 4 imebaki umbo la nje tu, ndani bapa, na bado ni sarafu halali ya kukusanya. Na uzito unaopotea ni mdogo kuliko mnavyotishwa. Wauzaji wa sarafu za Marekani za asilimia 90 huhesabu wakia 0.7234 za fedha kwa kila dola moja ya sarafu ndogo (za senti 10, 25 na 50) zikiwa mpya, na 0.715 zikiwa zimetumika. Angalieni hiyo tofauti. Ni kama asilimia moja!

Kuharibiwa ni tundu la kupitishia uzi wa kidani, alama ya lehemu iliyobaki mtu alipoifanya kipini, mkwaruzo, ukingo uliokatwa, sura iliyosuguliwa kwa msasa. Hapo ndipo makampuni makubwa ya kukadiria kama PCGS na NGC hukataa kuipa daraja la kawaida na kuandika kasoro yake waziwazi. Kwa mkusanyaji bei inaanguka sana, kweli. Lakini fedha iliyomo haijaenda popote isipokuwa ile iliyotobolewa au kukatwa, na hiyo mizani inakuonyesha.

Halafu kuna ambazo uchakavu haufuti thamani yake. Morgan ya 1893 yenye herufi S nyuma, chini ya tai, ilitengenezwa San Francisco vipande 100,000 tu. Hata ikiwa imelika namna gani, mradi mwaka na S vinasomeka na ni halisi, huyeyushi. (Na kwa sababu hiyohiyo matapeli hubandika S ya bandia, kwa hiyo ukiipata usishangilie kabla haijakaguliwa.) Morgan ya 1921 ya Philadelphia ilitoka zaidi ya milioni 44, ikichakaa hiyo unalipwa fedha yake na kidogo juu. Mimi zangu tatu ni hizo za 1921 na moja ni ya 1884 ya New Orleans, za kawaida tu. Sidai nina hazina. Ninachodai ni kwamba mtu anayejiita mtaalamu angegeuza sarafu aone herufi kabla ya kutaja bei. Sekunde tatu!

Sasa nifike kwenye lililonipandisha damu.

Nikiwa bado najaribu kumweleza habari za miaka, akachukua reale moja, akaibana kwa koleo, akapiga tupa ukingoni. Mara tatu, haraka, kabla sijafungua mdomo. Akadondosha tindikali pale, ikawa nyekundu iliyokoza, akatikisa kichwa kukubali kwamba ni fedha. Kisha akaizungusha kwenye mwanga na kusema, bila haya, "Hii naishusha, imekatwa ukingoni."

Wakuu, ALIYEIKATA NI YEYE.

Asiyejua reale aelewe kwa nini nimeumia. Ukingo wake hauna meno kama sarafu nyingine, una maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Mwaka haukusaidii kujua umri wake, kwa sababu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa Maria Theresa, na zimeendelea kufuliwa (kupigwa chapa) hivyohivyo kwa zaidi ya karne mbili, Vienna na kwingineko. Kwa hiyo wajuzi huzitofautisha kwa vitu vidogo, na ukingo ni mahali pamojawapo wanapoangalia kwanza kama ni ya kufuliwa kweli au ya kumiminwa kwenye kalibu. Pale ndipo alipoweka tupa.

Na hakukuwa na haja ya tupa. Pima sarafu kavu, kisha ining'inize kwa uzi ndani ya maji uone uzito umepungua kiasi gani, gawanya cha kwanza kwa kile kilichopungua. Reale halisi ya gramu 28 hupungua kama gramu 2.75 na jibu linakuja karibu na 10.2. Ya bandia ya shaba na nikeli hutoa kama 8.9. Haiachi alama yoyote. Mtoto wa shule anaweza.

Nikiwa nakusanya vyangu akanipa na ushauri wa bure, eti ningezisugua zing'ae kwanza angeniongezea. Msimsikilize yeyote anayesema hivyo! Weusi ule ni fedha iliyoshikana na salfa ya hewani, ni ngozi ya sarafu. Ukiisugua kwa magadi au dawa ya meno unaacha mikwaruzo laini ambayo mkusanyaji anaiona kwa kuinamisha tu chini ya taa, na hakuna njia ya kuirudisha. Kama unauza kwa ajili ya kuyeyushwa, mng'aro hauongezi hata punje. Kwa hiyo ushauri wake haumfaidishi muuzaji hata kidogo.

Nilimtaka anilipe hasara ya ile reale. Akajibu kwamba ilikuwa chakavu tangu mwanzo.

Ipo mezani hapa. Ukiizungusha unasoma IUSTITIA ET CLE, halafu kama sentimita moja ya fedha tupu iliyoparuzwa, halafu TIA. Nina picha nilizompiga babu akiwa ameishika, lakini ukingo hauonekani. Aliyewahi kumdai mnunuzi wa aina hii akalipwa, aniambie alianzia wapi na alitumia ushahidi gani.