Mrejesho: michoro ya kutoa ukuta imepita

Wakuu, nimerudi. Niliuliza jinsi ya kuonyesha kwenye michoro kwamba natoa ukuta kati ya jiko na sebule, baada ya ombi langu la kibali kurudishwa. Kosa lilikuwa langu: nilichora nyumba itakavyokuwa tu, mkaguzi hakuona ilivyo sasa.

Safari hii niliweka ramani mbili kwa skeli ileile ya 1:50, ya ilivyo (ukuta wa kubomoa ukiwa na mistari ya vipandevipande) na ya itakavyokuwa. Ukuta ule unabeba slabu (sakafu ya zege) ya juu, kwa hiyo mhandisi wa miundo alipiga hesabu za boriti, akachora mkato (mchoro wa nyumba kana kwamba imekatwa wima) unaoonyesha boriti inakalia wapi na mzigo unashukaje hadi kwenye msingi. Hapo ndipo pesa ilipoenda, na sijuti. Akaongeza maelezo ya kushikilia slabu kwa nguzo za muda kabla ya kubomoa. Mimi nisingekumbuka kamwe.

Michoro ikarudi tena kwa jambo dogo la kuudhi: karatasi moja ilibaki na tarehe ya zamani. Nikarekebisha, jana kibali kimetoka. Aliyenishauri nipime kuta upya badala ya kuamini ramani ya zamani, asante sana. Vipimo vilipishana kwa sentimita 5.