Kufeli au angalizo? Mstari unapita wapi kwenye Hiace ya abiria

MkaguziMpya
Wadau, naomba mwongozo. Gereji yetu hapa Industrial Area hukagua matatu kabla hazijapelekwa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) pale Likoni Road. Fomu ina safu mbili, FELI na ANGALIZO, na kila siku mafundi wanavutana. Chukueni Hiace ya abiria 14 iliyo kwenye jeki sasa hivi: pedi za breki za mbele zimebaki milimita 3, mpira wa breki (bomba linalopeleka mafuta ya breki) wa mbele kushoto una nyufa ndogo ndogo, buti (mfuniko wa mpira) la boljointi ya chini, kiungo cha mkono wa chini na gurudumu, limechanika, shoku ya nyuma (kizuia mtikisiko) ina mafuta. Mmoja kaandika zote feli, mwingine zote angalizo. Nani yuko sawa?

Mtaimbo
Hakuna aliye sawa. Jiulize hivi: kwa hali ilivyo leo, kifaa kinafanya kazi yake? Kikishindwa, feli. Kikiweza ila kinaelekea kuisha, angalizo.

Pedi za milimita 3 ni angalizo, mradi umepima ya ndani. Ile unayoiona kwa tundu la rimu ni ya nje, na pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi) zikikwama ya ndani huisha kwanza. Pima nyenzo peke yake, bati lililoibeba usilihesabu. Ukikuta ya nje 5 na ya ndani 2, andika pini pia, maana pedi mpya zitaliwa vivyo hivyo.

Mpira wa breki: ukunje kwa vidole kwenye ufa, umulike tochi. Nyufa za juu juu ni angalizo. Nyuzi zikionekana, feli. Kisha mwenzako akanyage breki kwa nguvu injini ikiwa imewashwa, nawe ukiutazama mpira. Ukivimba au ukitoa jasho, feli, na gari lisitoke hapo kwa magurudumu yake.

Boljointi ndiyo huwachanganya wengi. Hiace kama hii ina tosheni baa (chuma kinachojipinda kama springi) inayobeba uzito kupitia mkono wa chini. Ukiinua kwa kuweka jeki chini ya fremu, jointi inabaki imebanwa na haitaonyesha kulegea hata kama imekwisha. Weka jeki chini ya mkono wa chini wenyewe, karibu na gurudumu, halafu chomeka mtaimbo chini ya tairi uinue polepole huku mwingine ameshika jointi kwa mkono. Gurudumu likicheza, aliye ndani akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni jointi au bushi (mpira wa maungio). Jointi ikiwa imara na buti lina ufa tu, angalizo. Buti likiwa wazi kiasi cha kuingiza mchanga, mimi nafelisha, kwa sababu kazi ya buti ni kuzuia mchanga na limeshindwa.

Dramu_na_Disku
Naafiki, ila pedi hapana. Matatu haishindi imepaki. Milimita 3 kwa gari linalosimama kila steji haifiki mbali. Feli.

Mtaimbo
Hapo unafelisha kesho. Andika angalizo lenye namba: "ndani kulia mm 3, zipimwe tena baada ya wiki mbili." Mwenye gari akisoma "pedi zimechoka" hafanyi lolote, akisoma namba anajua anunue lini.

Roller
Mmesahau mashine ya kupima breki. Breki usizihukumu kwa macho tu. Kushoto ikivuta kilo 280 na kulia 210, tofauti ni 70, gawanya kwa ile kubwa: asilimia 25. Kulia ikishuka hadi 180 inakuwa karibu 36. Uingereza ekseli ya usukani hufeli tofauti ikizidi 30. Huko tangu Mei 2018 kasoro zina ngazi tatu: hatari, kubwa na ndogo. Mbili za kwanza zinafelisha, na maangalizo yako pembeni. Mpangilio huo unafaa kuigwa, lakini namba zao msizigeuze sheria ya Nairobi. Kwetu fuateni KS 1515 (kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari) na fomu ya mkaguzi.

MkaguziMpya
Asanteni. Na shoku?

Dramu_na_Disku
Ifute kwa kitambaa, gari lizunguke kidogo, utazame tena. Ukungu wa mafuta wenye vumbi ni angalizo. Yakitiririka hadi chini, feli. Hakikisha kwanza kwamba si mafuta ya breki: silinda ya gurudumu la nyuma ikivuja huteremkia ndani ya tairi, na watu husingizia shoku. Fungua dramu. Brekishuu (vibanio vya breki ndani ya dramu) zikiwa zimelowa, sahau shoku, hiyo ni feli ya breki.

Roller
Na zilizolowa usizioshe kwa petroli uzirudishe. Badilisha pande zote mbili, la sivyo mashine itakuonyesha ile tofauti tena.