Majina ya dawa na maneno ya kitabibu: kukariri desa, kadi za kwenye simu au kujua mizizi? Nani kafanikiwa na ipi?

MtotoWaMbagala
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza diploma ya utabibu hapa Dar, nimetokea shule ya kata na msingi nimesoma Kiswahili mwanzo mwisho, sasa famakolojia, yaani somo la dawa, inanipeleka puta. Sio kwamba mwalimu simuelewi, akieleza dawa inavyoshusha presha naelewa vizuri tu, shida ni majina, nikifika home nimeshasahau ipi ni ipi. Testi ni wiki tatu zijazo.

Mpaka sasa nina njia tatu na zote nimezifanya nusu nusu. Kuna desa la majina ya dawa nilitoa kopi steshenari, kurasa 46, nakariri kuanzia A. Kuna jamaa kaniwekea Anki kwenye simu, programu ya kadi zenye swali mbele na jibu nyuma, ina kadi maelfu za watu wengine. Halafu dada mmoja wa mwaka wa tatu kaniambia niache vyote nijifunze mizizi ya Kigiriki na Kilatini. Muda wangu ni daladala asubuhi na jioni, na kama lisaa limoja hivi usiku. Nikae na ipi? Natanguliza shukrani.

Famasia_Mwenge
Mdogo wangu, desa la A mpaka Z weka pembeni leo leo. Alfabeti haina uhusiano wowote na kazi ya dawa, atenolol inakaa jirani na atropine na moja inapunguza mapigo ya moyo nyingine inayaongeza.

Angalia MWISHO wa jina. Majina haya hayakutungwa ovyo, Shirika la Afya Duniani ndilo linaratibu majina ya kimataifa ya dawa na orodha ya kwanza ilitoka 1953, dawa za ukoo mmoja zinapewa silabi moja. Propranolol, atenolol, bisoprolol, ukiona -olol ujue moyo unapunguziwa kasi. Captopril, enalapril, lisinopril, hiyo -pril ni presha. Losartan, valsartan, presha tena ila kwa njia nyingine kidogo. Amlodipine na nifedipine, -dipine, zinalegeza mishipa. Ciprofloxacin na levofloxacin ndugu moja.

Na we Mswahili una faida kubwa hapa. Ukisikia msomaji, mfanyabiashara, mwimbaji hauhitaji kamusi, unajua tu huyo ni mtu na anafanya nini kwa sababu neno unalivunja kichwani bila kujijua. Fanya hivyo hivyo kwenye dawa.

kadi_zangu
Naunga mkono viambishi ila msimuondolee Anki kijana. Kujua -pril ni presha ni dakika mbili, kukumbuka baada ya wiki tatu ndo kazi, na ile programu inakurudishia kadi pale pale unapokaribia kuisahau. Daladala la Mbagala na foleni ile unamaliza kadi 40 umesimama. Kwenye Android ni bure, iPhone ndo unalipia.

Kosa lako ni kutumia kadi za watu. Mimi nilishusha za Wamarekani nikapoteza mwezi mzima. Wao paracetamol wanaiita acetaminophen, salbutamol yetu ya pumu kwao albuterol, adrenaline ni epinephrine, glibenclamide ni glyburide. Nilikuwa naona kama dawa mpya kumbe ni ile ile iko kwenye trei kila siku. Na dawa mseto ya malaria, ambayo hapa huwezi kukaa siku bila kuiona, kwenye zile kadi sikuikuta kabisa. Tengeneza zako kumi kwa siku, zisizidi.

NesiWaZamu
Wote mmesema vizuri ila mimi naona mnaongelea kufaulu testi. Mizizi ndo itakusaidia wodini, hasa vile vipande vidogo vya mbele.

Nikiwa fildi hospitali moja, mwenzetu aliandika kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu kwamba mgonjwa wa kisukari ana hyperglycaemia, yaani sukari iko juu. Mgonjwa alikuwa anatokwa jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Alitaka kuandika hypo. Nesi wa zamu inayoingia akakataa kuchoma insulini mpaka apime mwenyewe, sukari ikasoma 2.3, iko chini mno. Fikiria angechoma. Herufi mbili tu zile. Mimi toka siku hiyo hypo naiona ile O ya mwisho kama sifuri, yaani kitu kimeisha, kiko chini. Sijawahi kuchanganya tena.

Halafu kingine mtu hakuambii mapema, kiungo kimoja kina majina mawili. Figo kwa Kigiriki ni nephr-, kwa Kilatini ren-. Ndo maana mshipa wa damu wa figo wanaita renal artery halafu figo ikivimba wanaita nephritis. Mara nyingi jina la kiungo linatoka Kilatini, ugonjwa na upasuaji unatoka Kigiriki. Ukilijua hilo orodha haikuchanganyi tena.

MtotoWaMbagala
Asanteni sana jamani. Nimeanza viambishi jana ila nimekwama, mbona omeprazole, metronidazole, fluconazole na albendazole zote zinaishia -azole na kazi zake haziendani hata kidogo? Moja vidonda vya tumbo moja minyoo.

Famasia_Mwenge
Swali zuri na hapo ndo wengi wanaangukia. Umekata kipande kifupi mno. Rudi nyuma silabi moja: -prazole asidi ya tumbo, -nidazole ni kama metronidazole na tinidazole, -conazole fangasi, -bendazole minyoo. Kipande kirefu ndo kinasema ukweli.

Mitego mingine ishike kabisa kwa jina. Nystatin inaishia -statin lakini sio ndugu wa atorvastatin na simvastatin za kushusha lehemu, ni dawa ya fangasi, ile ya utando mweupe mdomoni kwa watoto. Aripiprazole sio ya tumbo, ni ya magonjwa ya akili. Na -mycin usiiamini, inakuambia tu dawa ilitokana na bakteria wa jamii ya Streptomyces, haisemi kundi. Azithromycin na streptomycin ni makundi mawili tofauti. Gentamicin inaandikwa kwa i kwa sababu chanzo chake ni Micromonospora, nimekuta watu wazima wanaandika y.

Na zile zinazofanana sauti, carbimazole ya tezi na carbamazepine ya kifafa, hizo usizikariri siku moja. Pishanisha wiki.

MamaKibamba_CO
Shikamooni mliotangulia. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na kuna kitu kimoja mmekiruka wote: hilo neno mwisho wa siku unamwambia nani? Mgonjwa. Unaandika TDS, Kilatini cha mara tatu kwa siku, halafu kwenye bahasha inaandikwa 1x3, kutwa mara tatu. Mgonjwa anaelewa kutwa kama alivyolelewa kuelewa, jua likiwepo. Anameza asubuhi, mchana, saa 12 jioni, halafu usiku kucha masaa 12 hajagusa antibiotiki. Mwambie saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, uone kama hatakumbuka.

Na vifupisho muangalie mko wapi. OD kwetu ni mara moja kwa siku, ukienda kliniki ya macho OD ni jicho la kulia.

kadi_zangu
Mama hii ya kutwa sikuwahi kuifikiria. Naongeza kwenye kadi zangu leo.

NesiWaZamu
Mtoto wa Mbagala, nyuma ya kadi usiandike tafsiri ya kamusi. Andika kile utakachomwambia mgonjwa kwa Kiswahili. Ukishindwa kuandika ujue dawa hujaielewa.

MtotoWaMbagala
Haya nimetengeneza kumi usiku huu, nawawekea moja mniangalie.

Mbele: enalapril
Nyuma: -pril, presha. "Mama, hii dawa inalegeza mishipa ili damu ipite bila nguvu nyingi. Meza kila siku hata ukijisikia mzima."

Famasia_Mwenge
Hiyo ya kumeza hata akijisikia mzima umenifurahisha. Ongeza mawili. Kikohozi kikavu, maana -pril zinakileta na watu wanaacha dawa kimya kimya wakidhani ni mafua, kumbe akirudi angebadilishiwa apewe -sartan. Na kabla hujampa, muulize kama ni mjamzito.

MtotoWaMbagala
Nimeongeza yote. Kesho naanza -olol.

Famasia_Mwenge
Sawa, kwenye propranolol andika "mwenye pumu asipewe" kwa wino mwekundu.