Tupeane uzoefu: filamu za George Miller zilizokugusa kabla hujajua kwamba zimetoka mkono mmoja

Mleta mada, Mwanza

Ndugu wanajukwaa, nilikuwa na umri wa miaka 11 nilipoitazama Mad Max 2 katika kibanda umiza kilichokuwa nyuma ya soko letu, nikiwa nimebanana na wenzangu kwenye benchi, huku mfasiri akiwa ameketi kando ya televisheni na kipaza sauti chake. Filamu hiyo ya mwaka 1981, yenye lori la mafuta linalofukuzwa jangwani na watu waliovaa ngozi na manyoya, ilinikaa kichwani kwa miaka mingi. Baadaye, wanangu walipokuwa wakitazama Happy Feet, ile katuni ya pengwini asiyeweza kuimba lakini aliyejaliwa kucheza kwa miguu, nilisoma majina mwishoni na kukuta kwamba mtayarishaji na mwongozaji wake ni yule yule George Miller wa Australia. Sikuamini, nikadhani ni majina tu yamefanana.

Nilipofuatilia nikajua kwamba Miller alizaliwa mwaka 1945 katika mji mdogo wa Chinchilla, Queensland, akasomea udaktari na kufanya kazi hospitalini Sydney, ambako aliwahudumia majeruhi wa ajali za barabarani. Mwaka 1971 alikutana na Byron Kennedy katika mafunzo ya filamu huko Melbourne, na wawili hao, kwa fedha kidogo za kuchangisha, wakatengeneza Mad Max ya kwanza iliyotoka mwaka 1979. Kennedy alifariki katika ajali ya helikopta mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 33 tu, lakini mpaka leo jina lake ndilo linalotangulia katika jina la kampuni yao. Jambo hilo peke yake limenifanya nimheshimu sana Miller.

Naomba kila aliyeguswa na filamu yoyote aliyoitayarisha, hata kama iliongozwa na mtu mwingine, atueleze aliitazama wapi na ilimfanya nini.

Mama wa watoto watatu, Tanga

Ahsante, kaka, kwa kuleta mada hii. Yangu ni Lorenzo's Oil ya mwaka 1992, na sijawahi kuieleza mbele ya watu.

Mtoto wangu wa kwanza alianza kupoteza nguvu za miguu akiwa na umri wa miaka 6. Katika hospitali moja tuliambiwa, tena kwa haraka, turudi nyumbani tukamtunze, bila hata kutajiwa jina la ugonjwa. Shemeji yangu, ambaye ana ndugu Ngazija, ndiye aliyeniletea filamu hii kwa sababu alisikia kwamba inaanzia Visiwa vya Komoro. Ni kweli: Lorenzo Odone, mtoto halisi ambaye kisa chake ndicho kinachosimuliwa, aliwahi kuishi huko na wazazi wake, na kijana wa Kikomoro aliyekuwa rafiki yake anakuja baadaye Marekani kumhudumia wakati mtoto huyo hawezi tena kusema wala kusogea. Filamu inafunguliwa kwa maneno yanayoelezwa kuwa ni ya wimbo wa wapiganaji wa Waswahili, yasemayo kwamba maana ya maisha imo katika kupambana. Mimi nimezaliwa na kukulia pwani na sijawahi kuusikia wimbo huo, lakini usiku ule niliyapokea maneno yale kama yametoka kwa bibi yangu.

Kilichonishika zaidi ni kwamba filamu haimpunguzii mtazamaji elimu. Baba wa Lorenzo, ambaye alikuwa mchumi na si daktari, anaunganisha vibanio vya karatasi mezani ili aelewe jinsi mwili unavyorefusha minyororo ya asidi za mafuta, zile zinazolundikana na kuharibu utando unaofunika nyuzi za fahamu. Nilielewa kila hatua, nami nimeishia kidato cha nne. Nadhani ni mtu aliyepita wodini tu anayeweza kuonyesha maumivu ya mtoto bila kuyapamba na bila kuyakimbia. Wapo madaktari waliolalamika kwamba filamu iliwapa wazazi matumaini makubwa kuliko uwezo wa yale mafuta ambayo wazazi wa Lorenzo waliyatafuta ili kumtibu, na ndiyo yaliyoipa filamu jina lake, na malalamiko hayo nayaona ya haki. Hata hivyo mimi sikutafuta mafuta. Nilinunua daftari. Nikaanza kuandika kila siku mwanangu amekula nini, amelala saa ngapi na mkono upi umekaza, na nilipokwenda hospitali nyingine daktari alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa, akanieleza ugonjwa kwa jina lake. Mwanangu aliishi miaka minne zaidi. Lorenzo alifariki mwaka 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 30, na siku niliyoisoma habari hiyo nililia kama aliyefiwa na wa kwake.

Mwalimu wa shule ya msingi, Njombe

Pole sana, dada. Mungu amrehemu mtoto.

Mimi niliwaonyesha wanafunzi wangu Babe ya mwaka 1995, ambayo Miller aliitayarisha na kushiriki kuiandika, ingawa mwongozaji ni Chris Noonan. Ni kisa cha mtoto wa nguruwe anayejifunza kuchunga kondoo, na iliteuliwa kuwania tuzo 7 za Oscar, ikapata ile ya madoido ya picha. Mbwa wachungaji huwafokea kondoo na kuwang'ata, lakini nguruwe yule huwaomba kwa adabu nao wakamfuata. Nilipowauliza watoto kwa nini ameshinda, msichana mmoja wa darasa la tatu alijibu: «Ameanza kwa kuwaamkia.» Nimefundisha kwa miaka 19, na sijapata jibu lililonifurahisha kuliko hilo.

Baharia mstaafu, Unguja

Kuna filamu ambayo wengi hawajui kwamba Miller ni mmoja wa watayarishaji wake: Dead Calm ya mwaka 1989, iliyoongozwa na Phillip Noyce, akiwamo Nicole Kidman akiwa bado binti. Watu watatu tu, na bahari ambayo imelala shwari. Asiyeijua bahari hudhani shwari ni raha, lakini sisi tuliosafiri kwa tanga tunajua kwamba siku isiyo na upepo huwa ndefu kuliko siku ya dhoruba. Mume anapokwama katika chombo kinachozama, maji yakipanda kifuani, nilijikuta mikono yangu inakaza kana kwamba nakumba maji ngamani.

Mhariri wa filamu, Kinondoni

Kwangu ni Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015. Ilikusudiwa kupigwa Broken Hill, Australia, lakini mvua ikaotesha maua jangwani, wakahamia Namibia. Mhariri wake, Margaret Sixel, ambaye ni mke wa Miller na alikulia Afrika Kusini, alipewa picha za takriban saa 480 azifanye kuwa saa mbili, na hakuwa amewahi kuhariri filamu ya mapigano. Alipata Oscar, moja kati ya 6 ilizozoa filamu hiyo. Nilipoipitia fremu kwa fremu niligundua kwamba kinachopaswa kutazamwa kimewekwa karibu daima katikati ya picha, hivyo jicho halihangaiki kukitafuta hata picha zinapobadilika upesi. Tangu siku hiyo, kila onyesho ninalolihariri hulitazama kwanza bila sauti, na nisipoelewa kinachotendeka hulirudia upya.

Mleta mada, Mwanza

Mhariri, umenikumbusha kitu ambacho sikukiandika mwanzoni. Mfasiri wetu alikuwa mtu wa maneno mengi, asiyenyamaza hata wahusika walipolala. Lakini lori lile lilipoanza kukimbia, aliweka kipaza sauti chini, akasogeza kiti chake mbele, akatazama pamoja nasi.