Mjadala: Mashirika ya Kikatoliki yaachane na fedha za serikali?

Nuru_ya_Jimbo
Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, wakala wake wa misaada ya nje, shirika la misaada la maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo, CRS (Catholic Relief Services), ambalo lipo tangu 1943, lilipoteza mfadhili aliyekuwa akibeba karibu nusu ya bajeti yake. Miradi ikakatika katikati. Kwangu hilo lilikuwa kosa la siku nyingi. Fedha za serikali huja na masharti. Chukueni msaada wa chakula: sheria ya Marekani inataka angalau nusu ya shehena ipakiwe kwenye meli zenye bendera ya Marekani, na nauli hiyo hula pesa ambayo ingenunua nafaka zaidi. Kanisa lirudi kwenye sadaka, lifanye kidogo lakini vizuri. Mnasemaje?

Mtaguzi
Ndugu Nuru, sadaka haitoshi. Ile ya Kwaresima ya CRS, Rice Bowl, robo inabaki jimboni ilikochangwa na robo tatu ndiyo inayovuka bahari. Huwezi kulisha kambi ya wakimbizi kwa hiyo. Na hayo mambo ya "kidogo lakini vizuri" tunayaona kwenye visima vya parokia: pampu imekufa, kibao cha mfadhili bado kinang'aa. Mafundi wa Kanisa wanafunga, wanapiga picha, wanaondoka.

Fundi_Bomba
Mtaguzi, hapo kwa mafundi umevuka mpaka. Pampu ya mkono ya Afridev imebuniwa ili wanakijiji waifungue wenyewe. Unatoa kofia ya kichwa, unalegeza pini, unatoa mkono, unavuta rodi, zile fimbo za chuma, moja moja. Pistoni inapanda ndani ya bomba, na bomba lenyewe haliguswi. Unabadilisha mpira wa U wa pistoni, ule unaozuia maji kupenya pembeni, unavua valvu ya chini kwa kifaa chake, unabadilisha pete yake ya mpira, unakagua bushi, unarudisha. Spana moja inatosha, na asubuhi moja kazi imekwisha. Mpira ule hubadilishwa kila mwaka, hata kama maji bado yanatoka. Pampu ikifa mwaka wa tatu, fundi aliyeifunga ana kosa gani?

Mtaguzi
Kosa lake ni kufunga kitu asichokiachia vipuri. Na si zote ni Afridev. India Mark II, pampu nyingine ya mkono, silinda yenye pistoni iko chini ya mabomba ya chuma, ukitaka kubadilisha mpira unanyanyua mlolongo mzima. Watu kadhaa, tripodi, vibanio. Kijiji gani kinaweka tripodi?

Fundi_Bomba
Ndiyo maana ikatengenezwa Mark III, pistoni inatoka juu. Usitumie pampu ya zamani kututukana.

Bi_Tausi
Kaka zangu, mnagombania spana. Kabla ya pampu kuna maji yenyewe. Maji yakiwa na asidi, yaani pH (kipimo cha asidi) chini ya 6.5, bomba la mabati huliwa kutu. Maji hutoka mekundu, yana ladha ya chuma, nguo nyeupe zinaharibika, kina mama wanarudi mtoni huku pampu ni nzima kabisa. Hapo takwimu za mradi zinasema "inafanya kazi". Kupima pH ni jambo la dakika chache, na likirukwa pale mwanzo, hata fundi bora hana la kufanya. Kisima cha namna hiyo kinataka mabomba ya plastiki au chuma kisichoshika kutu.

Nuru_ya_Jimbo
Tafadhali turudi kwenye swali: fedha za serikali, ndiyo au hapana?

Kalamu_Nyekundu
Swali ni uaminifu. Mmesahau Novemba 2022 Papa Francis aliwaondoa viongozi wote wa juu wa Caritas Internationalis, shirikisho la mashirika ya misaada ya Kikatoliki duniani, kwa sababu ya wizi?

Bi_Tausi
Si kwa wizi, Kalamu. Tamko la Vatikano lilitaja uongozi na namna wafanyakazi walivyotendewa, na likasema wazi kwamba hakukuonekana ushahidi wa fedha kutumiwa vibaya. Akateuliwa msimamizi wa muda, Pier Francesco Pinelli. Ukimwita mtu mwizi, uwe na ushahidi mkononi.

Kalamu_Nyekundu
Sawa, wizi naufuta. Lakini wafanyakazi kunyanyaswa ndani ya shirika la upendo ni dogo?

Bi_Tausi
Si dogo, wala sijasema ni dogo.

Mtaguzi
Fundi, nijibu hili moja. Mradi wa miaka 3 umekwisha, gari limeondoka. Mpira wa U wa mwaka wa nne nani ananunua?

Fundi_Bomba
Kamati ya maji, kwa michango ya kaya.

Mtaguzi
Kamati ambayo mfuko wake haujafunguliwa hata siku moja tangu mzinduo. Pampu ikiwa mpya hakuna anayechanga, kwa kuwa haiharibiki. Ikiharibika, kuchangisha kunachukua wiki, na wiki hizo watu wamezoea mto. Ndipo inapofia.

Fundi_Bomba
Hapo nakubaliana nawe, na ungeanza na hapo badala ya kuwatupia tope mafundi. Dawa yake ipo: makabidhiano yasifanyike kabla ya miezi mitatu ya michango kuonekana kwenye daftari, na duka la karibu liwe limeshauza mpira mmoja kwa fedha ya kijiji. Kisha kipimo. Piga pampu hadi maji yatoke, iache nusu saa, piga tena: ikihitaji zaidi ya mipigo 5 kuleta maji, valvu ya chini inavuja. Halafu mipigo 40 kwa dakika, ndoo isipopata lita 10, mpira wa pistoni umekwisha. Kamati ifanye hivyo kila mwezi na iandike.

Nuru_ya_Jimbo
Basi mnanipa hoja. Miaka 3 hiyo ni kalenda ya mfadhili. Sadaka haina tarehe ya kufunga hesabu, inaweza kusubiri daftari hilo lijae.

Mtaguzi
Inaweza, parokia ikikubali kuchimba visima viwili badala ya kumi na kulipa fundi wa kuzunguka kwa miaka sita. Paroko gani atasimama mbele ya waamini na hesabu ya visima viwili?

Bi_Tausi
Hiyo ndiyo hesabu ya kusomwa kanisani. Na karatasi ya pH ibandikwe mlangoni kabla mtambo wa kuchimba haujaitwa.