Mrejesho: jicho la mama, mwanga pamoja na steroidi
Wadau nimerudi, niliuliza kama mama anaweza kupigwa mwanga halafu achomwe steroidi ndani ya jicho, maana uzee umempiga katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) na mishipa inavuja. Daktari wa macho hapa Kampala katuelewesha: dawa iitwayo vatepofini inapita mshipa wa mkononi, ule mwanga wa leza isiyochoma unaiamsha ifunge ile mishipa, steroidi inatuliza uvimbe, ila inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na mama presha yake ya jicho tayari iko juu, mpango ukagoma hapo. Anaanza sindano za Avastin, dawa ya kuzuia ile mishipa isiendelee kuota na kuvuja. Mi nimeona afadhali, maana baada ya ule mwanga unakwepa jua siku kadhaa, na mama muuza matoke sokoni Nakawa utamfungia wapi jamani?